Virusi vya arena vya panya shamba

Virusi vya arena vya panya shamba ni kundi la virusi vya familia ya *Arenaviridae* vinavyoishi ndani ya panya shamba (jina la kisayansi: *Mastomys natalensis*), mgugunaji anayepatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara. Vinavyojulikana zaidi ni virusi vya Lassa, ambavyo husababisha homa ya Lassa katika Afrika ya Magharibi. Ndugu zake wa karibu ni virusi vya Morogoro na virusi vya Gairo nchini Tanzania, virusi vya Mopeia vilivyogunduliwa Msumbiji na virusi vya Luna vya Zambia. Virusi hivi vinne havijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu.

Kundi hili limewavutia wanasayansi kwa sababu ya swali moja. Panya shamba wa Nigeria na panya shamba wa Tanzania ni wa spishi moja, na wote huingia mashambani na majumbani. Hata hivyo wagonjwa wa homa ya Lassa huambukizwa Afrika ya Magharibi tu. Kwa nini virusi vya Lassa havikuenea pamoja na panya wake hadi Afrika ya Mashariki? Sehemu kubwa ya jibu imepatikana kwa kusoma jenomu za virusi na za panya wenyewe, na utafiti muhimu wa suala hilo ulifanyika katika Mkoa wa Morogoro.

## Jina na muundo

Jina la familia linatokana na neno la Kilatini *arena* lenye maana ya "mchanga". Virusi hivi vikitazamwa kwa hadubini ya elektroni huonekana kuwa na punje ndani yake, kama chembe za mchanga. Punje hizo ni ribosomu ambazo virusi hubeba kutoka seli za mwenyeji vinapotoka ndani yake.

Jenomu ya virusi vya arena vya mamalia imeandikwa kwa RNA, nayo imegawanyika katika vipande viwili. Kipande kidogo (S) kina takriban herufi 3,400 na hubeba maelezo ya protini za nje, zinazoshika seli, na ya protini inayofunika RNA. Kipande kikubwa (L) kina takriban herufi 7,200 na hubeba maelezo ya kimeng'enya kinachonakili jenomu, pamoja na protini ndogo inayoitwa Z. Kwa jumla jenomu nzima ina karibu herufi 10,600. Ni fupi mno ikilinganishwa na ya binadamu, ambayo ina takriban bilioni 3.

Kimeng'enya cha kunakili RNA hakisahihishi makosa yake kikamilifu. Kwa hiyo kila nakala mpya inaweza kuwa na herufi moja au zaidi zilizobadilika. Mabadiliko mengi hayana athari yoyote, lakini hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Ndiyo yanayowawezesha wanasayansi kufuatilia ukoo wa virusi.

Kwa kuwa jenomu ina vipande viwili, virusi viwili vikiingia katika seli moja vinaweza kubadilishana vipande. Jambo hilo limethibitishwa katika maabara: aina iitwayo ML29, yenye kipande kikubwa cha virusi vya Mopeia na kipande kidogo cha virusi vya Lassa, imechunguzwa kama chanjo inayoweza kukinga dhidi ya homa ya Lassa.

## Mwenyeji

Panya shamba ni panya wa ukubwa wa wastani mwenye rangi ya kahawia au kijivu. Jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, idadi isiyo ya kawaida kwa wagugunaji, na mara nyingi huzaa zaidi ya watoto 10 kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo idadi yao huongezeka upesi mvua zikiwa nzuri. Wakulima wa Tanzania wanamfahamu sana kwa sababu hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa na kula nafaka ghalani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kimemchunguza kwa miongo kadhaa kama mharibifu wa mazao, na utafiti huo wa kilimo ndio uliokuja kuwa msingi wa utafiti wa virusi.

Virusi vya arena havimdhuru sana mwenyeji wake wa asili. Panya aliyeambukizwa huendelea kula, kukimbia na kuzaa huku akitoa virusi kwa njia ya mkojo, mavi na mate. Binadamu huambukizwa virusi vya Lassa anapogusa au kula chakula kilichochafuliwa na panya, anapovuta vumbi lenye mkojo uliokauka, au anapochuna na kuandaa panya kwa chakula.

Ingawa ni spishi moja, panya shamba wa Afrika si wote sawa. Uchunguzi wa DNA ya mitokondria, ambayo hurithiwa kutoka kwa mama, umeonyesha nasaba sita. Tatu ni za kundi A (A-I, A-II na A-III), na tatu ni za kundi B (B-IV, B-V na B-VI). Kwa macho panya hao hawatofautishiki kwa urahisi.

## Historia ya ugunduzi

Mnamo mwaka 1969 muuguzi mmisionari kutoka Marekani aliugua akiwa kazini katika mji mdogo wa Lassa, kaskazini-mashariki mwa Nigeria. Alihamishiwa Jos, akafariki huko. Muuguzi aliyemhudumia aliambukizwa akafariki pia. Wa tatu alisafirishwa hadi Marekani na kupona. Kutokana na sampuli za wagonjwa hao, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale walitenga virusi vipya, vikapewa jina la mji ule. Jordi Casals, mmoja wa watafiti hao, aliambukizwa mwenyewe. Alipona baada ya kupewa utegili wa damu wa muuguzi aliyepona. Mfanyakazi mwingine wa maabara hiyo alifariki.

Chanzo cha virusi kilijulikana miaka michache baadaye. Wakati wa mlipuko nchini Sierra Leone mwaka 1972, watafiti walitega wanyama wadogo katika maeneo ya wagonjwa, wakakuta virusi vya Lassa ndani ya panya wa jenasi *Mastomys*.

Mwaka 1977 virusi vinavyofanana na vile vya Lassa vilitangazwa kutoka kwa panya shamba wa Msumbiji, navyo vikaitwa Mopeia. Virusi vya Morogoro vilielezwa mwaka 2009, virusi vya Luna mwaka 2011 na virusi vya Gairo mwaka 2015. Jina "Luna" limeundwa kutokana na majina ya Lusaka na Namwala, maeneo ya Zambia walikotegwa panya waliochunguzwa.

Si kila virusi vya arena vya Afrika ni vya tawi hili. Mwaka 2008 mgonjwa alisafirishwa kutoka Lusaka, Zambia, hadi Johannesburg, Afrika Kusini, na watu wengine wanne wakaambukizwa mmoja baada ya mwingine. Wanne kati ya watano walifariki. Kusoma jenomu kulionyesha kwamba ni virusi vipya, vilivyo mbali na Lassa katika mti wa ukoo. Vilipewa jina Lujo, kutokana na majina ya miji hiyo miwili.

## Jinsi ukoo wa virusi unavyofuatiliwa

Kazi huanza mashambani. Watafiti hupanga mitego yenye chambo kwa mistari na kuikagua asubuhi. Kila panya hupimwa, na mahali aliponaswa huandikwa kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Damu kidogo huchukuliwa, mara nyingi juu ya karatasi ya kuchujia inayokaushwa, njia inayofaa sana mahali pasipo na jokofu. Kipande kidogo cha tishu huhifadhiwa kwa ajili ya DNA ya panya mwenyewe.

Katika maabara hufanyika vipimo vya aina mbili:

* Kipimo cha kingamwili, kinachoonyesha kama panya aliwahi kuambukizwa wakati wowote wa maisha yake.
* Kipimo cha PCR, kinachotafuta RNA ya virusi na kuonyesha kama virusi vimo mwilini wakati huo.

Sampuli zenye RNA husomwa herufi kwa herufi, kisha hulinganishwa. Virusi vyenye tofauti chache vina babu wa karibu. Vyenye tofauti nyingi viliachana zamani. Matokeo huchorwa kama mti wa ukoo. Kwa kuwa mahali na tarehe ya kila sampuli vinajulikana, mti huo unaweza kuwekwa juu ya ramani ili kukadiria virusi vilipita wapi na kwa kasi gani.

Hesabu ifuatayo inaeleza jinsi muda unavyokadiriwa. Kasi ya mabadiliko ya virusi vya Lassa ni takriban herufi 1 kati ya 1,000 kwa mwaka, yaani karibu herufi 10 kwa mwaka katika jenomu nzima. Tuseme virusi vya wagonjwa wawili vinatofautiana kwa herufi 200. Kila tawi limekusanya karibu mabadiliko 10 kwa mwaka, hivyo matawi mawili kwa pamoja hukusanya 20. Babu yao wa pamoja aliishi karibu miaka 10 iliyopita. Wagonjwa hao hawakuambukizana wiki iliyopita, hata kama wamelazwa katika wodi moja.

## Nasaba za virusi vya Lassa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uligawa virusi vya Lassa katika nasaba nne, na mgawanyo huo ulifuata jiografia. Nasaba ya I, II na III ziko Nigeria, na ya IV iko Sierra Leone, Guinea na Liberia. Baadaye ziliongezwa nasaba nyingine, ikiwemo ya V inayohusishwa na Mali na Côte d'Ivoire, na ya VII inayohusishwa na Togo na Benin.

Mwaka 2015 kundi la watafiti kutoka Nigeria, Sierra Leone, Marekani na nchi nyingine lilichapisha uchambuzi wa karibu jenomu 200 zilizotoka kwa wagonjwa na panya. Mti wa ukoo ulionyesha kwamba virusi vya Lassa vinavyojulikana leo vina asili yao katika eneo la Nigeria zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kwamba vilisambaa kuelekea magharibi katika karne chache zilizopita. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu haukuanza mwaka 1969. Mwaka huo ndipo ulipotambuliwa na sayansi, lakini watu wa vijiji vya Afrika ya Magharibi walikuwa wakiugua kwa vizazi vingi kabla yake.

Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba virusi vya Lassa vina utofauti mkubwa wa kijeni. Aina zilizo mbali zaidi hutofautiana kwa takriban robo ya herufi za kipande kidogo, na kwa karibu theluthi ya herufi za kipande kikubwa. Jambo hili si la nadharia tu. Kipimo cha PCR hufanya kazi kwa kushika sehemu fupi ya RNA ambayo herufi zake zinajulikana. Herufi hizo zikiwa tofauti katika nasaba ya eneo fulani, kipimo kinaweza kusema mgonjwa hana virusi wakati anavyo. Kwa hiyo maabara za Nigeria na za Sierra Leone zinahitaji vipimo vilivyothibitishwa kwa nasaba za maeneo yao, na chanjo nazo zinapaswa kujaribiwa dhidi ya nasaba mbalimbali.

## Mlipuko wa Nigeria mwaka 2018

Mwanzoni mwa mwaka 2018 Nigeria ilipata wagonjwa wengi wa homa ya Lassa kuliko ilivyozoea. Kufikia Aprili zaidi ya 400 walikuwa wamethibitishwa. Hofu ilikuwa kwamba virusi vimebadilika na sasa vinaambukizwa kwa urahisi kati ya mtu na mtu. Kama ingekuwa hivyo, juhudi zote zingepaswa kuelekezwa katika kuwatenga wagonjwa na kufuatilia waliokutana nao. Kama sivyo, juhudi zilipaswa kuelekezwa kwa panya.

Watafiti walisoma jenomu papo hapo nchini Nigeria, katika hospitali ya Irrua katika Jimbo la Edo, kwa kutumia mashine ndogo inayotosha kiganjani. Kama mtu mmoja angemwambukiza mwingine, jenomu zao zingekuwa karibu sawa. Badala yake jenomu nyingi zilitofautiana sana, na kila moja iliungana na virusi vya eneo lake vilivyojulikana miaka iliyotangulia. Hii ilionyesha kwamba wagonjwa wengi waliambukizwa kila mmoja kivyake kutokana na panya. Hapakuwa na virusi vipya vilivyokuwa vikienea nchi nzima. Ramani ya ukoo ilionyesha pia kwamba mito mikubwa ilikuwa kizuizi cha kuenea kwa virusi, kwa kuwa panya hawaivuki kwa urahisi.

Matokeo hayo yaliwafikia viongozi wa afya wakati mlipuko ukiendelea, jambo ambalo miaka michache kabla halikuwezekana.

## Mpaka wa Morogoro na Gairo

Nchini Tanzania virusi vya Morogoro hupatikana katika panya wa nasaba B-V na virusi vya Gairo katika panya wa nasaba B-IV. Nasaba hizo mbili zinakutana katikati ya nchi. Watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji na wenzao walitega panya kwenye mstari unaovuka eneo hilo la makutano, wakasoma DNA ya panya na RNA ya virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Eneo hilo lilichaguliwa kwa sababu halina kizuizi cha kawaida. Kuna mashamba na vichaka mfululizo, na panya wanaishi kote. Isitoshe, panya wa nasaba hizo mbili huzaana: katikati ya eneo walikutwa machotara. Virusi vilikuwa na kila nafasi ya kuvuka. Lakini havikuvuka. Virusi vya Gairo vilibaki upande wa panya wa B-IV, virusi vya Morogoro upande wa panya wa B-V, na vilikutana katikati tu, palipo na machotara.

Hivyo kizuizi hakikuwa mto wala mlima. Kilikuwa ndani ya miili ya panya wenyewe. Virusi vimezoea nasaba fulani kiasi kwamba haviwezi kudumu katika nasaba jirani ya spishi ileile. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, uliongeza jozi ya tatu nchini Tanzania: virusi vya Mopeia pamoja na panya wa nasaba B-VI.

Matokeo haya yanatoa maelezo yanayowezekana ya swali la Lassa. Virusi vya Lassa huambatana na panya wa nasaba A-I, wanaoishi Afrika ya Magharibi. Nasaba hiyo inapokoma, virusi navyo hukoma, ingawa panya wa spishi hiyohiyo wanaendelea hadi Bahari ya Hindi na Afrika Kusini.

## Mipaka ya maelezo hayo

Uhusiano kati ya virusi na mwenyeji si sheria isiyovunjika. Mwaka 2016 virusi vya Lassa vilitangazwa kutoka kwa wagugunaji wengine wawili wa Nigeria na Guinea, *Hylomyscus pamfi* na *Mastomys erythroleucus*. Virusi vya *Hylomyscus* vilikuwa tofauti kiasi cha kuhesabiwa nasaba ya VI. Kwa hiyo kuhama kutoka mwenyeji mmoja hadi mwingine kumewahi kutokea.

Mabadiliko ya hali ya hewa na ya matumizi ya ardhi yanaweza pia kubadilisha picha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika miongo ijayo baadhi ya maeneo ya Afrika ya Kati na ya Mashariki yatakuwa na mazingira yanayofaa virusi vya Lassa. Hata hivyo, kwa kutumia jenomu zenye kumbukumbu za mahali, watafiti hao walionyesha kwamba virusi hivi husambaa polepole. Vikiingizwa mahali papya, huenda vikabaki katika eneo dogo kwa miongo ya kwanza. Muda huo ungeweza kutosha kuvigundua, mradi kuna watu wanaotega panya na maabara zinazosoma jenomu.

## Umuhimu kwa afya ya jamii

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba karibu asilimia 80 ya watu wanaoambukizwa virusi vya Lassa hawana dalili au wana dalili hafifu. Kwa ujumla takriban asilimia 1 ya walioambukizwa hufariki, lakini kati ya wanaolazwa hospitalini kwa hali mbaya kiwango hufikia asilimia 15 au zaidi. Baadhi ya wanaopona hupoteza uwezo wa kusikia.

Kwa kuwa maambukizi mengi hutoka moja kwa moja kwa panya, kinga huanzia nyumbani:

* kuhifadhi nafaka na vyakula vingine katika vyombo vyenye vifuniko imara;
* kutupa taka mbali na nyumba na kuziba matundu;
* kufuga paka;
* kuepuka kugusa au kula panya katika maeneo yenye ugonjwa;
* hospitalini, kuvaa glavu na mavazi ya kinga wakati wa kumhudumia mgonjwa anayeshukiwa.

Virusi vya Morogoro vina umuhimu wa pekee katika utafiti huu. Kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa Lassa na havijulikani kumdhuru binadamu, vinawawezesha wanasayansi kuchunguza jinsi virusi vya aina hii vinavyoenea kati ya panya bila hatari kubwa iliyopo katika kushughulikia Lassa. Panya anayeharibu mahindi ya mkulima wa Morogoro amesaidia kueleza ugonjwa unaoua watu umbali wa maelfu ya kilomita.

## Tazama pia

* Homa ya Lassa
* Virusi
* Wagugunaji
* Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo
* Mkoa wa Morogoro